Efa Moja ya Shayiri

Ujumbe wa katibu wa jumuiya uliingia Jumapili saa mbili usiku, ugali ukiwa umeshatua mezani. "Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Jumamosi neno ni Ruthu 2. Mwalimu ni Baba Neema." Baba Neema ni mimi. Nikajibu "Amina, nimepokea", nikaweka na ile mikono miwili iliyokutana, nikanawa nikala. Mtu mwenye siku sita mbele yake hana wasiwasi na neno lolote.

Jumuiya yetu ni ya Kilutheri, hapa Kimara. Tunakutana nyumba kwa nyumba kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na ikifika saa moja na nusu lazima tuwe tumeshafunga kwa sala, maana kuna wa kuwahi sokoni, kuna wa kuwahi kazini, na kuna mzee mmoja wa kuwahi kurudi kulala.

Mzee huyo nilikuwa na deni naye. Mara ya mwisho nilipofundisha alisinzia kabla watu hawajamaliza kufungua Biblia, akakoroma taratibu mpaka amina ya mwisho, ambayo aliitika kwa sauti kuliko wote. Hilo halikuniuma sana. Kilichoniuma ni mwinjilisti kunivuta pembeni anifariji. Alinikumbusha Matendo ya Mitume 20, habari za yule kijana Eutiko wa Troa aliyekaa dirishani wakati Paulo anahubiri mpaka usiku wa manane, usingizi ukamzidi, akaanguka kutoka orofa ya tatu. "Hata Paulo walimsinzilia," akaniambia. Ni kweli, lakini Paulo aliwakuta watu na uchovu wa siku nzima. Mimi yule mzee nilimkuta ametoka kitandani.

Nikaapa kwamba safari hii nitafundisha kitu ambacho hakuna atakayekilalia.

Jumatatu nilisoma mistari miwili nikapigiwa simu ya saruji. Jumanne na Jumatano tuziache. Alhamisi usiku, watoto wamelala na umeme umekatika, nikawasha tochi ya simu nikasoma Ruthu mwanzo hadi mwisho. Ni kitabu cha sura 4 tu, mistari 85, unakimaliza uji ukiwa bado wa moto. Njaa inaingia Bethlehemu, Naomi na mumewe wanahamia Moabu na wana wao wawili, wanaume wote watatu wanafia huko, Naomi anarudi kwao na mkwewe Ruthu, hawana kitu. Ruthu anakwenda shambani kwa watu kuokota masazo nyuma ya wavunaji. Halikuwa wizi. Torati, katika Walawi 19, ilimkataza mwenye shamba kuvuna mpaka pembeni kabisa. Kilichoanguka na kilichobaki kilikuwa cha maskini na mgeni. Mwenye shamba hili ni Boazi, naye anawaambia vijana wake wamdondoshee kwa makusudi. Jioni Ruthu anapura alichookota, anapata kama efa moja ya shayiri.

Hapo ndipo nilipokwama. Efa ndiyo nini?

Nauza vifaa vya ujenzi. Maisha yangu ni nondo za milimita 12, misumari ya inchi nne kwa kilo, rangi kwa sado na rangi kwa ndoo. Kipimo nisichokijua hunikaa kama mwiba wa samaki kooni. Msomaji wa kawaida angesema "basi, alipata nyingi", akaendelea kwenye mafundisho. Mimi mafundisho niliyaweka kando, nikaanza kuisaka efa.

Kamusi ya Biblia ikanipa lita 22 hivi. Nikaona kumbe wenzangu walishaanza kazi hii zamani. Hao waliotupa Union Version, iliyotoka kamili mwaka 1952, walipofika Ufunuo 6 waliipima ngano kwa kibaba na kuilipia kwa rupia, fedha ya enzi za Mjerumani, kana kwamba yule mpanda farasi mweusi alipitia soko la Bagamoyo. Lakini efa waliiacha efa. Nikaona hii kazi wameniachia mimi.

Lita 22 kwenye karatasi hazina uzito. Nilitaka niijue kwa mikono. Nje kulikuwa na ndoo ya lita 20 niliyokuja nayo kutoka dukani. Nikaifuta ndani kwa kitambaa, nikaingia nayo stoo, nikafungua ule mfuko wa mchele wa Kyela wa kilo 25 ambao mke wangu alikuwa ameuagiza kwa mtu anayemwamini, nikamimina. Ndoo ikajaa. Nikaongeza makopo mawili ya lita moja moja, kichuguu kikasimama juu. Efa! Nikajitwika. Mchele ni mzito kuliko shayiri, lakini shingo haikutaka kusikia maelezo. Nikapita sebuleni gizani mara mbili, mkono mmoja kichwani na mwingine umeshika simu, nikijaribu kuhisi alivyohisi Ruthu akirudi kwa mama mkwe.

Tochi ikamwangukia mtu mlangoni.

"Baba Neema."

"Nipo kwenye neno, mama."

Alinitazama kwa muda ambao hata Naomi hakumtazama Ruthu, akarudi kulala. Nikaurudisha mchele kwenye mfuko, nikaandika kurasa nne juu ya efa, nikalala nikijiona msomi.

Ijumaa mchana Neema, mwenye miaka minane, alinikuta dukani na daftari langu, akaomba kusoma. Alisoma vizuri mpaka mstari wa 14, Boazi anapomkaribisha Ruthu chakula na kumpa bisi.

"Baba, Bethlehemu kulikuwa na mashine ya bisi?"

Nikamweleza kwamba mahindi hayakuwapo huko kabisa. Asili yake ni Amerika, na upande huu wa dunia yalikuja baada ya Columbus kuvuka bahari mwaka 1492. Bisi za Ruthu zilikuwa punje za nafaka zilizokaangwa. Akanyamaza kama mtu aliyeibiwa. Ili kumpoza nikamwonyesha 1 Samweli 17, Yese anapomtuma Daudi awapelekee kaka zake efa ya bisi huko vitani.

"Efa ndiyo ile ndoo yako ya jana? Ndoo nzima ya bisi?" Kwa Neema, tangu siku ile Goliathi amekuwa mtu wa kawaida tu. Habari kubwa ni zile bisi.

Nikiwa bado nacheka, simu ikaita. Mke wangu hakuanza na salamu. Aliuliza ile ndoo ilikuwa na nini.

Ilikuwa na unga wa jasi, ule wa kuzibia dari. Niliifuta, ndiyo, lakini niliifuta gizani, na vumbi la jasi ni jeupe na mchele ni mweupe. Yeye alianza kuosha mchele wa mchana. Maji ya kwanza yakatoka meupe, ambayo ni kawaida ya mchele. Ya pili meupe. Ya tano meupe. Kufika maji ya saba akadhani macho yake yana tatizo, akaliacha beseni kidogo akamwite jirani aje kutazama. Walipolirudia, chini ya beseni jasi ilikuwa imeshaanza kushika. Ni jasi nzuri sana, inashika haraka. Mwenyewe ndivyo ninavyowaambia wateja. Walibandua tabaka lenye punje za Kyela zilizojipanga ndani yake kama terazo.

Tulikula ugali mchana. Usiku tukala ugali. Nyumbani hakuna aliyetamka neno Ruthu.

Jumamosi, mwenyeji wetu alikuwa jirani anayefuga kuku nyuma ya nyumba. Tukaimba, tukasali, na aliyesali aliombea kila mkoa anaoukumbuka. Nilipokabidhiwa neno ilikuwa saa moja kasoro dakika tano. Nina kurasa tisa. Mzee wangu alikuwa amekaa karibu na mlango, kidevu kimeanza kushuka.

Nikaanza na mavuno ya shayiri. Mama mmoja akanyoosha mkono: "Samahani mwalimu, shayiri ndiyo nini hasa?" Kabla sijafungua ukurasa, kijana wa kwaya akajibu upesi, "Si ndiyo ile inayotengenezewa bia?" Chumba kikatulia. Mwinjilisti akageuza kichwa pole pole kumtazama. "Imeandikwa kwenye chupa," kijana akasema, kisha akaona shimo alilojichimbia, akaongeza, "nimeona tu, imetupwa barabarani." Nikamwokoa kwa kusema kwamba ni kweli, kule kaskazini wakulima wanailima kwa ajili hiyo. Wokovu wangu haukumsaidia sana. Mama yake alikuwa amekaa viti viwili nyuma.

Ndipo Mama Mtunza Hazina akauliza swali nililokuwa nimelisubiri tangu Alhamisi.

"Mwalimu, hiyo efa ni kiasi gani?"

Huyu mama ana meza ya nafaka mbele ya nyumba yake, na kabla ya hapo aliuza mahindi Tandale miaka mingi. Mzigo akiutoa mwenyewe Kibaigwa. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nikavuta pumzi, nikasimama wima, nikasema: "Ni lita 22. Yaani debe moja na kidogo. Kwa shayiri ni kama kilo 13 au 14."

"Debe la kufuta au la kichuguu?"

Kwenye kurasa zangu tisa hakukuwa na kichuguu.

"Maana," akaendelea, sasa akiwageukia wenzake, "kama ni la kufuta, mtu anaokota siku nzima anapata. Nimeokota mpunga nikiwa msichana, najua. Lakini huyu Boazi ameshawaambia vijana wadondoshe. Hiyo lazima ilikuwa ya kichuguu. Ni lumbesa hiyo."

Katibu, ambaye ni mtu wa taratibu, akasema lumbesa imekatazwa kisheria. Mama akamjibu kwamba sheria inamkataza mnunuzi kumjazia mkulima gunia. Haijamkataza tajiri kumjazia mjane. Watu wakaitika amina, ya kwanza ya asubuhi ile, na wala haikuwa yangu.

Nilijaribu kurudi kwenye daftari. Mama alikuwa ameshafika sura ya 3, pale Boazi anapompimia Ruthu vipimo sita vya shayiri kwenye shela. Nikasema hiyo ni ya wiki ijayo. Akasema shayiri ni ile ile. "Vipimo sita vya nini, mwalimu?"

Nilikuwa najua kwamba hapo Biblia haisemi. Nilikuwa nimeandika kabisa: zikiwa efa 6 ni lita 132, kilo 80 na zaidi, na hakuna nguo ya kubeba hivyo, wengine wanahesabu theluthi ya efa mara sita, lita kama 44. Sikupata nafasi ya kuyasema. Mama alishamwomba mwenyeji mahindi ya kuku na kopo la sado, alishatandika kanga yake sakafuni, na kina mama wanne walishashika pembe. "Sado moja!" Mahindi yakamwagika kwenye kanga. "Mbili!" Mzee wangu akafungua macho. "Tatu!" Akavuta kiti mbele. Zilipofika sita mama akazikutanisha pembe, akapiga fundo, akachuchumaa, akasaidiwa kujitwika, akasimama. Lita 24 kichwani, mikono kiunoni.

"Hivi ndivyo alivyorudi," akasema. "Zaidi ya hapa anaanguka njiani, na Boazi si mjinga."

Nimesoma maelezo mengi juu ya mstari ule na sijaona lililonishinda nguvu kama lile. Kasoro ilikuwa ndogo: kanga ni ya kujifunga, hubebi nayo mahindi kila siku, na fundo lilikuwa la haraka. Pembe moja iliteleza. Mahindi yakashuka kama mvua ya masika kwenye bati, yakatawanyika chini ya viti, chini ya stuli ya chai, mpaka kizingitini. Na kuku wa mwenyeji, ambao tangu wimbo wa kwanza walikuwa wakichungulia, wakaona hapo hapo kwamba wameitwa.

Kuku kumi na tatu ndani ya sebule yenye watu ishirini na wawili ni wengi kuliko inavyosikika. Mzee wangu ndiye aliyekuwa karibu na mlango, na ndiye aliyesimama wa kwanza, akiwapungia kwa kitabu cha nyimbo. Sijawahi kumwona macho makavu namna ile. Watoto walikuwa chini ya meza wakishindana na majogoo. Mwinjilisti akajaribu kufunga kwa sala lakini kila aliposema "Baba yetu" kuku mmoja alipita katikati ya miguu yake. Mwisho akasema tuwaache waokote.

Ilikuwa saa moja na dakika thelathini na tano. Kurasa saba sikuzifungua. Watu wakaniaga kwa kunishika mkono kwa mikono miwili: mwalimu leo umetufundisha. Katibu akatangaza kwamba kwa vile mada haijaisha, wiki ijayo naendelea mimi na sura ya 3.

Kabla ya kufika nyumbani nilikuwa na deni lingine la kulipa, la kilo 25 za Kyela. Nikasimama kwenye meza ya Mama Mtunza Hazina, nikamwomba sado mbili za kuanzia. Alizamisha kopo kwenye gunia, akalitoa limejaa, mchele umesimama juu kama mlima. Nikafungua mfuko. Akaweka kiganja mdomoni mwa kopo, akafuta, mlima wote ukarudi guniani.

Nikabaki nimelitazama lile kopo.

"Mwalimu," akasema, akimimina, "Boazi duka lake liko Bethlehemu."