Sifa za Idhini ya Awali

Watu wa Kisumu wamekwisha kusifu ngege wa Dunga, upepo wa ziwani na Gor Mahia hata inapofungwa. Ila sijasikia mtu akiisifu Idhini ya Awali, karatasi ambayo bila hiyo bima hailipii mazoezi ya mtu aliyepasuliwa goti. Huo ni utovu wa shukrani.

Kwanza, Idhini haina pupa. Daktari wa mifupa hutaka goti lianze kukunjwa mara tu baada ya upasuaji, kabla halijakakamaa na misuli ya paja kunywea. Idhini hutulia Nairobi ikitafakari kama kutembea ni hitaji la kitabibu. Mke wangu, Nyar Seme, alisema hitaji lake ni kufika chooni bila kushikwa mkono. Kwenye fomu hapakuwa na kisanduku cha hilo. Wasovieti walitujengea hospitali tunayoiita Russia hadi leo; lau wangesubiri Idhini, pale tungekuwa tunavuna mahindi.

Wasemao bima ilikataa kugharamia mazoezi wanaisingizia. Iliyatoa yenyewe! Mgonjwa sharti afike ana kwa ana, ofisi iko ghorofani, lifti imekufa. Nyar Seme alishuka kwenye tuktuk akapanda na magongo yake: kupanda hutangulia mguu mzima, kushuka hutangulia mgonjwa. Juu akaambiwa hakuna mtandao, arudi kesho. Akashuka. Mtu wa fizio angetoza hela kwa zoezi hilo.

Tena Idhini husomesha. Katiba ya 2010 nilikuwa nayo kabatini tu. Siku hizi nakijua kifungu cha 43, haki ya afya ya kiwango cha juu kinachofikika, na cha 47, haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Nikaomba sababu. Wakajibu kwamba huduma haikulipiwa kwa kuwa haikuidhinishwa, na haikuidhinishwa kwa kuwa haimo katika huduma zinazolipiwa. Mwanafalsafa gani angeongeza neno hapo?

Na ina maisha marefu. Bima ya NHIF, iliyoanzishwa 1966, imekwenda. Oktoba 2024 ikaja SHA, inayokata asilimia 2.75 ya mshahara, na mvuvi asiye na mshahara akatakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo, si chini ya shilingi 300 kwa kila mwezi. Katika kuhama huko Idhini haikusahaulika.

Hata ukoo iliufufua: kundi letu la WhatsApp, kimya tangu mazishi ya mwisho, liliamka kuchanga. Mjomba wa Mbita alituma omena.

Hatimaye Idhini ilitoka, na muhuri juu, ya goti la kulia. Lililopasuliwa ni la kushoto. Tumeomba irekebishwe; karani, kijana mwenye adabu sana, ameniambia, “Mzee, marekebisho nayo yanahitaji idhini.”