Barua ya Wazi kwa Watunga Kanuni: Ombi la Kumsajili Mpiga Panga Mwenye Uganga kutoka Kabambare

Kwa Waheshimiwa Watunga Kanuni za Dungeons & Dragons,
Wizards of the Coast,
Renton, Jimbo la Washington, Marekani.

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu kutoka Kasongo, Maniema, mashariki mwa Kongo. Sisi tu wazima, isipokuwa barabara ya Kabambare, ambayo imelala tena na haipitiki ila kwa pikipiki na baiskeli za kusukuma. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Kitabu chenu cha kanuni za mchezo wenu wa kuigiza wahusika kilinifikia kwa mkono wa mpwa wangu aliyekitoa Nairobi, na tangu kilipofika vijana wangu hawataki tena mpira wa jioni. Wanakaa chini ya mwembe, kila mmoja na kaye (daftari) yake na kalamu yake ya biki, wanajenga wahusika. Dadu ya pande 20 hatuna. Tumeandika namba kwenye vipande 20 vya karatasi, tukavitia ndani ya kopo la nyanya, na anayetaka kujua bahati yake anaingiza mkono. Kuna mmoja aliyekunja pembe ya namba 20 ili aitambue kwa kidole. Huyo ameshaadhibiwa, ingawa moyoni namwona ana mustakabali katika siasa.

Nawaandikia kwa jambo moja. Katika kitabu chote hicho, chenye majoka, mahandaki na mifupa inayotembea, hakuna kilichowanyima ninyi usingizi kama mtu anayeshika upanga kwa mkono mmoja na kufanya uganga kwa mkono wa pili.

Historia yenu mnaijua, lakini barua hii itasomwa na wengine. Mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa mchezo kwa mara ya kwanza, wahusika walikuwa wa kazi tatu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Mchawi alinyimwa deraya, na kwa silaha akaachiwa kisu. Elf, yule kiumbe wa msituni mwenye masikio ya ncha, ndiye aliyeruhusiwa kuwa mpiganaji na mchawi, na hata yeye alitakiwa kuchagua kabla ya safari kuanza: leo napigana, au leo naroga. Miaka 40 ikapita. Katika toleo la 2014 mkamweka Eldritch Knight, askari anayeanza kuonja uganga akifika ngazi ya tatu, na ambaye hata akizeeka kazini mpaka ngazi ya 20 hapati uganga unaozidi daraja la nne kati ya tisa. Mwaka uliofuata akaingizwa Bladesinger, anayeroga huku anacheza na upanga, mradi asivae deraya ya kati wala nzito, wala asishike ngao. Juu ya hayo mkono mmoja uwe mtupu kwa ajili ya ishara, na mdomo uwe huru kwa ajili ya maneno. Akipigwa wakati amekaza nia, dadu itupwe, na ikimkataa uganga unazimika. Anayetaka kurusha tufe la moto awe na kinyesi cha popo na kibiriti upele mfukoni. Popo tunao, hata kanisani.

Hofu yote hii ya nini? Vijana wangu wamenijibu kwamba ni usawa. Mwenye upanga na uganga kwa pamoja, asipofungwa kamba, atawazidi wenzake na mchezo utakufa. Ni hoja nzuri. Sasa niruhusuni niwaonyeshe jinsi wataalamu wa upande wetu walivyoimaliza kesi hii miaka kumi kabla yenu.

Mwaka 1964 waasi wa Simba walipita Maniema. Mwezi wa saba waliiteka Kindu, na mwanzoni mwa mwezi wa nane wakaingia Stanleyville, Kisangani ya leo. Wengi wao walikuwa na mapanga ya shamba, mikuki na matawi ya michikichi. Bunduki zilikuwa za wachache. Kabla ya vita kijana alichanjwa kwa wembe, usoni na kifuani. Unga wa dawa ukasuguliwa ndani ya chale mpaka ukachanganyika na damu, kisha akanyunyiziwa maji. Tangu hapo risasi ikimjia inageuka maji, na kazi yake ni kwenda mbele akiita "Mai Mulele!", yaani maji ya Mulele, kiongozi mwenzao wa uasi. Mganga mashuhuri wa jeshi la Olenga, jenerali wa waasi hao, alikuwa mwanamke, Mama Onema. Hapakuwa na habari za kungoja ngazi ya tatu. Aliyechanjwa asubuhi alikuwa mpiganaji mwenye uganga kamili kufika adhuhuri.

Na dawa ilifanya kazi, Waheshimiwa. Msicheke. Askari wa serikali walipoona watu wanakuja wima, wanaimba, hawainami, wengi walitupa bunduki wakakimbia. Nao walikuwa watoto wa vijijini, dawa walikuwa wanaijua tangu utotoni. Katika kitabu chenu kuna hali ya kuingiwa na hofu, na mmeiwekea dadu ya kujiokoa. Upande wetu adui alijitia hofu mwenyewe, bila gharama kwa mganga.

Tuje kwenye usawa. Aliyechanjwa alipewa masharti, na masharti yalitofautiana kidogo kwa kila mganga. Usiguse mwanamke. Usile chakula kilichopikwa na mwanamke aliye mwezini. Usiibe. Usioge. Usiguse maiti. Usitazame nyuma. Usiogope. Nilipowasomea vijana orodha hii, mmoja wao aliinakili palepale kwenye kaye yake.

"Mwalimu, huyu wangu haguswi na risasi."

"Yuko ngazi gani?"

"Ya kwanza."

"Haiwezekani. Atawamaliza wenzako wote."

"Ana masharti saba, Mwalimu."

"Akivunja moja?"

"Anakufa."

"Na sisi tutajuaje kwamba amevunja?"

Akanitazama kwa huruma. "Si atakuwa amekufa, Mwalimu?"

Kipaji kiko hapo, na mbele yake kitabu chenu kinaonekana kazi ya watoto. Kwenu uganga unaweza kushindwa. Dadu inasema 3, moto hauwaki, na meza nzima imeona. Kwetu uganga haushindwi hata siku moja. Anayeshindwa ni mteja. Ninyi mmetumia nusu karne kupunguza nguvu za mchawi, kumbe kilichohitajika ni kuongeza makosa ya askari.

Msinisadiki mimi mwenyeji. Mwaka 1965 alifika mgeni huko upande wa ziwa, daktari kutoka Argentina, Ernesto Che Guevara, ambaye kwa jina la kazi aliitwa Tatu. Alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma mwezi wa nne, akarudi mwezi wa kumi na moja bila ushindi. Katika kumbukumbu zake za Kongo ameieleza kanuni hii vizuri kuliko mhariri yeyote wa Renton: aliyekufa ama aliogopa, ama aliiba, ama alilala na mwanamke, aliyejeruhiwa aliogopa. Kwa kuwa vitani hakuna asiyeogopa, jeraha halina haja ya uchunguzi. Na marehemu hakati rufaa.

Kanuni hii ina ukoo mrefu. Mwaka 1905, kule Ngarambe katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, Kinjekitile Ngwale aligawa maji ya kuzuia risasi, na watu wa kusini wakapigana mpaka 1907. Ila yeye mwenyewe Wajerumani walimnyonga mwezi wa nane wa 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Kwa macho ya mjenzi wa wahusika, hilo ni kosa la ufundi. Mganga hatakiwi kukaa mahali pa kukamatwa. Warithi wake wamelirekebisha.

Kwenye karatasi yenu pia kuna sehemu ya asili ya mhusika: alizaliwa wapi, ana deni na nani, kwa nini ameacha kwao. Vijana wangu huijaza kwa uvivu, wote ni yatima. Huwa nawaambia wamwige mkubwa aliyeifanya Kasongo kuwa makao ya himaya yake, Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Yeye mwenyewe amesimulia, katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili, jinsi alivyofika nchi ya Utetela miaka ya 1870 akiwa ameshasikia kwamba zamani dada za sultani Kasongo Rushie walitekwa na kupelekwa nchi ya Urua. Basi akajitambulisha kuwa mjukuu wa mmoja wa mabibi hao. Mzee yule akampokea kama ndugu na kumkabidhi usultani. Hakuna upanga uliochomolewa wala uganga uliofanywa. Ni haiba tupu, na kwa hesabu zenu lazima dadu ilitua kwenye 20 siku ile. Kamanda Dhanis wa Ubelgiji alipouingia mji huu tarehe 22 Aprili 1893, alikuja na mizinga na wapiganaji wake. Hadithi ya bibi hakuwa nayo, na labda ndiyo sababu hatujawahi kumkumbuka kwa kicheko.

Kuna kanuni moja tu ya kwenu ambayo tunaipokea bila kubadili herufi, na inanisikitisha kwamba mliifuta. Katika matoleo ya mwanzo, mhusika alipanda ngazi kwa dhahabu aliyoitoa shimoni: sarafu moja, alama moja ya uzoefu. Tafadhali irudisheni. Kabambare ina eneo la Salamabila na mgodi wa dhahabu wa Namoya, ambao kampuni ya Banro ya Kanada iliuanzisha rasmi kibiashara mwaka 2016, na ina wachimbaji wa sululu na beseni waliokuwepo kabla ya Banro na waliopo baada yake. Waliopanda ngazi kwa dhahabu hiyo tunawajua kwa magari yao. Kijana aliyechanjwa hayumo. Yeye yuko ngazi ya kwanza tangu aingie msituni, na mfukoni hana hata kibiriti upele.

Maana msidhani nawasimulia mambo ya babu. Siku hizi wapiganaji wanaochanjwa huitwa Mai-Mai. Huku kusini tuna kundi liitwalo Malaika, na sifikiri ofisi yenu, pamoja na utajiri wake wa majina, ingethubutu kuwaita hivyo watu wenye bunduki. Kalashnikov imechukua nafasi ya mkuki, panga limebaki kiunoni, lakini wembe, maji na masharti ni vilevile. Na wengine kati ya wanaochanjwa ni wadogo kuliko vijana wangu wa chini ya mwembe.

Serikali yetu nayo ina kanuni zake za kubadili kazi ya mhusika. Mwaka 2021 iliunda P-DDRCS, mpango wa kunyang'anya silaha na kuwarudisha wapiganaji uraiani. Kwa mpangilio wenu, mtu akichukua kazi ya pili haipotezi ile ya kwanza, anaziandika zote mbili. Mpango unatarajia kijana aifute ya kwanza kabisa, awe fundi cherehani au mfugaji wa kuku, na chale zikiwa bado zinasomeka kwenye paji la uso. Nimewahi kumwona mmoja sokoni akinunua kofia ya sufu saa saba ya mchana, jua la Maniema likiwa utosini. Muuzaji alimpunguzia bei bila kuulizwa kitu.

Basi, Waheshimiwa, ombi langu rasmi. Naomba mumsajili Mpiga Panga wa Kabambare katika toleo lijalo. Deraya hana. Upanga wake ni panga la shamba, na makali yake hutegemea msimu wa kulima. Uganga anao mmoja, na si wa kwake: amefanyiwa na mtu mwingine, ambaye hayuko mezani. Nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na haiba mpeni za kijana yeyote aliyeacha shule kwa kukosa karo, msizipandishe. Masharti yake nimeyataja. Kinga dhidi ya risasi andikeni kuwa ni kamili, kisha muache nafasi pembeni kwa ajili ya maelezo.

Msimamizi wa mchezo kwenu hukaa na wachezaji, anakula karanga zao, na akionea wanambishia mpaka afungue kitabu. Desturi hiyo ya kumbishia msimamizi naomba mtuachie tuitumie huku. Na kwa hiyo naomba pia, chini kabisa ya karatasi ya mhusika, mahali ambapo kwa sasa mmeacha peupe, muongeze mistari miwili: jina la mganga aliyemchanja, na mahali alipokuwa amekaa mganga huyo siku risasi zilipoanza. Mhusika akifa, karatasi isichanwe. Iletwe kwanza kwa mama yake, asome mistari hiyo miwili, kisha ndipo mumruhusu mchezaji achukue karatasi mpya.

Nangoja majibu yenu. Bahasha ipitisheni Kindu. Mwenye baiskeli ataileta.

Wenu katika kutia mkono koponi,
Mwalimu mmoja wa Kasongo