Sifa za Chumvi ya Dirishani

Wafanyakazi wengi huwasifu mabosi wao kwa kuogopa kufutwa. Mimi sina hofu hiyo, maana kwangu anayefutwa ni bosi mwenyewe. Bosi wangu ni chumvi ya bahari, ile inayolala juu ya vioo vya madirisha kuanzia Bofa kule Kilifi, ikapita Watamu, hadi Malindi mjini. Leo naisifu hadharani bila malipo, kama nilivyozoea kufanya mambo mengi.

Iliniajiri mwaka 2020. Korona ilikuwa imefunga hoteli, nami mhudumu wa mezani nikarudishwa nyumbani na shukrani nyingi mfukoni. Chumvi haikunihoji, haikutaka cheti wala barua ya chifu. Nilichohitaji ni ngazi, nikaiazima kwa fundi rangi. Ndoo 2, sabuni, siki, vitambaa, magazeti makuukuu, wembe wa kukwangulia matone ya rangi, na ule mpira wenye mpini wa kuvutia maji chini. Hiyo ndiyo kampuni nzima, mkurugenzi akiwa juu ya ngazi.

Fadhila zake ndogondogo nitazipitia mbio. Inamsitiri mwenye nyumba kuliko pazia. Inafundisha jiografia: kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi, inapaka madirisha ya upande wa kaskazini, kusi ikishika zamu, na yale ya kusini nayo yanapata haki yake. Tena ina maringo, haikubali kuoshwa kwa maji ya ovyo. Mwanzoni niliiosha kwa maji ya kisima, na visima vingi vya huku ni vya munyu. Jua lilipopiga, kioo kikatoka ramani nyeupe ya nchi nisiyoijua. Tangu hapo nanunua kwa mtungi, kwa kijana wa mkokoteni, maji ya bomba yaliyotoka Baricho kwenye Mto Sabaki. Mimi nagharamia maji ya mto ili niiondoe chumvi, na kule Gongoni na Marereni watu wanalipwa kuivuna.

Lakini fadhila yake kuu, ambayo ningependa iandikwe kwa herufi za dhahabu, ni kutimiza miadi. Ukimaliza dirisha Jumatatu, Alhamisi pitisha kidole: kinaacha mstari. Kilambe: ni yenyewe. Imerudi bila kuitwa, bila kutumiwa nauli. Usiku hewa ikijaa unyevu inayeyuka, alfajiri kioo kinatoka jasho, na kufika saa sita mchana imeshaganda tena mahali pake. Haijawahi kuniambia iko mkutanoni. Haizimi simu.

Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, akapewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi, akaenda zake. Nguzo yenye jina lake ingali pale ufukweni. Chumvi ilikuwapo kabla yake, haikuhitaji rubani, na nguzo hiyohiyo inaipaka kila siku. Wazee wa Gede, waliojenga kwa mawe ya matumbawe bila kioo hata kimoja dirishani, waliinyima pa kukaa. Haikununa. Ilisubiri karne kadhaa mpaka akaja tajiri anayetaka kuiona bahari akiwa kitandani, akajenga ukuta mzima wa kioo. Hiyo ndiyo subira. Laiti chumvi ingekuwa na kitambulisho! Ningeiandika mdhamini wangu wa mkopo kwenye chama. Ningeiweka shahidi wa ndoa. Ningeipigia kura, maana ahadi yake ni moja tu, kurudi, na haingoji miaka 5 ndipo irudi.

Basi nilitaka niendelee hivyo mpaka mwisho, ila hili neno miadi limenitonesha kidonda.

Jumba la ghorofa, vioo 64, siku 3 za kazi, shilingi 3,200 tulizokubaliana kwa mdomo. Msimamizi alinipokea getini kwa bashasha: "Kaka, ng'arisha vizuri, mwenyewe anaingia Ijumaa." Nikang'arisha. Ijumaa mwenyewe akaingia. Nikamwona amekaa anaitazama bahari kupitia kioo changu, kisafi hata ndege aliyepita nusura ajigonge. Nikauliza habari ya pesa. "Kesho, inshallah." Kesho yake mwenyewe kaenda Lamu. Juma lililofuata bei ikageuka, eti tuliongea vioo vya chini tu. Nilipobisha, msimamizi akacheka: "Kwani ni kazi gani hiyo, bwana? Si maji tu?"

Maji tu! Nimesimama kwenye kipago cha juu cha ngazi ya kuazima, upepo wa kusi unanisukuma mgongoni, chini yangu sakafu ya mawe, na mkono mmoja nimeshikilia chuma cha dirisha kilicholika kutu. Nikianguka, ningelipwa maji tu?

Wala msidhani nawasema wageni wa Ulaya peke yao. Mgeni mmoja alilipa yote, pesa zikaishia kwa msimamizi wake. Mwenzetu mmoja, ambaye jina lake hutajwa kwa makofi kwenye kila harambee, ameniambia nimwachie deni kwa kuwa yeye ni "kama baba". Hoteli moja ilinilipa nusu, msimu ukafa, geti likafungwa, na mlinzi akaniambia nirudi Julai. Nikarudi Julai. Nikakuta meneja mpya, na chumvi ileile. Kati ya wote hao, ni nani aliyenisubiri?

Kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa hiyo, kijana unayetaka kuanza kazi hii, usiogope: bahari haijakauka, na kazi ipo. Tafuta ngazi yako mwenyewe, tumia maji ya bomba, hesabu vioo mbele ya mwenye nyumba na muandikiane. Kisha pokea nusu kabla ngazi haijagusa ukuta. Na wewe mwenye vioo 64, najua sasa hivi huioni bahari vizuri. Namba yangu ya M-Pesa haijabadilika.