Mawe ya Nice

Wanaosema wageni wa Nice, kule Ufaransa, wanatupa pesa hawajui ustaarabu. Ufuko ule ni kokoto tupu, na jua la Julai huzipasha bure. Lakini kokoto za bure zina heshima gani? Bora uvuke barabara ya ufukoni, Promenade des Anglais, uingie spa, ulale kifudifudi, uwekewe mgongoni mawe ya moto yaliyotolewa kwenye taulo jeupe. Maji ya bahari nayo, Wafaransa walishagundua, hayawi tiba mpaka yapashwe ndani ya bwawa la vigae. Yale ya nje yana kasoro ya samaki. Na matope je! Utotoni ukijipaka ulichapwa; hapa unapakwa, unalipa, unashukuru. Nilitoka na uso uleule. Risiti ninayo.