Jinsi ya Kumsaili Simba Kabla ya Kumkaribisha Sebuleni

Simba yeyote anayetaka kuingia sebuleni kwako jioni, watoto wakiwa wameshakaa mkekani na bisi zao, lazima asailiwe kwanza. Msaili ukiwa peke yako, watoto wamelala, na usikubali kutekwa na picha ya jalada. Kwenye jalada kila simba ni baba mwema na kila jua linazama vizuri. Mambo yenyewe yako dakika ya 40.

Swali la kwanza lisiwe la damu. Najua ndilo linalotangulia midomoni mwa wazazi, lakini mtoto wa kwetu ameshaona kuku akichinjwa Jumamosi na mbuzi wa Idi akichunwa uani, kisha akagombea maini na binamu zake. Damu anaijua, na anajua inaishia sufuriani. Uliza hivi: mama yupo? Chukua karatasi, mwandike kila mama unayemwona mwanzoni, awe twiga, awe nyumbu, awe bata, na filamu ikiisha uwaite mmoja mmoja. Asiyeitika, rudi nyuma ukaangalie aliondokaje na mtoto wake alibaki na nani.

Bambi ya Disney ilitoka mwaka 1942. Mama yake Bambi anapigwa risasi na mwindaji, na hiyo risasi tunaisikia tu. Hakuna hata tone la damu. Kinachoonekana ni mtoto wa kulungu akimwita mama kwenye theluji bila kuitikiwa, na hapo ndipo watoto wa kizazi baada ya kizazi wamelia. Sasa ichukue Chimpanzee ya 2012, iliyopigwa sehemu kubwa kwenye msitu wa Taï nchini Côte d'Ivoire. Humo pia mama anapotea. Lakini mtoto wake, aliyepewa jina la Oscar, anachukuliwa na Freddy, dume kiongozi wa kundi, naye anamlisha na kumbeba mgongoni, jambo ambalo madume ya sokwe hulifanya kwa nadra sana. Mtoto anayetazama anaumia, kisha anapumua. Kwao pia huenda yuko mtoto wa shangazi aliyehamia baada ya msiba na sasa wanalala chumba kimoja, kupokewa anakufahamu. Kwa hiyo swali la mama lina nusu ya pili: akiondoka, nani anampokea mtoto, na ni baada ya dakika ngapi? Dakika tano mtoto wa miaka minne anazimudu. Nusu saa ni mateso, hata kama wanyama wote wanaimba.

Herufi zilizobandikwa kwenye filamu zisome, zina kazi yake. Nchini Kenya bodi ya uainishaji wa filamu, KFCB, huweka GE kwenye filamu inayowafaa watu wote, na PG pale mzazi anapotakiwa kuwa karibu. Uingereza wana U, ya watoto wa miaka minne na kuendelea. Lakini Watership Down ya 1978, katuni ya sungura wanaoraruana wao kwa wao, ilikaa na hiyo U kwa zaidi ya miaka 40 kabla ya kupandishwa kuwa PG. Herufi huwekwa kwa ajili ya watoto wa nchi nzima. Wewe unaye huyu mmoja, anayemkimbia hata jogoo wa jirani. Na filamu nyingi zinazofika nyumbani kwetu huja kwenye fleshi au kwenye simu ya mjomba, herufi yenyewe ilishabaki njiani.

Kuna jambo moja ambalo herufi hizo zinatufundisha vizuri. The Lion King ya 1994 ilipewa G kule Marekani, yaani wote ruksa. Ile ya 2019, yenye kisa kilekile na Mufasa yuleyule anayekufa nyumbu wakitimua mbio bondeni, ilipewa PG. Simba wa 1994 amechorwa, ana nyusi za binadamu na anatabasamu. Wa 2019 ametengenezwa kwa kompyuta afanane na simba wa kweli hadi unywele wa mwisho. Kwa mtoto mdogo, tofauti hiyo ina uzito kuliko hadithi nzima. Joanne Cantor, mtafiti wa Marekani aliyechunguza kwa miaka mingi hofu za watoto mbele ya televisheni, alionyesha kwamba watoto wa umri wa chekechea huogopa kinachoonekana kutisha, hata kikiwa na nia njema. Hulk, yule jitu la kijani anayeokoa watu, aliwatia hofu wadogo hasa pale anapogeuka umbo. Wakubwa kidogo wanaogopa zaidi kile kinachoweza kuwatokea kweli.

Basi usaili una mikao miwili. Kwa ajili ya mdogo, kaa sakafuni, macho yako yawe pale macho yake yatakapokuwa, na usimamishe picha kila fisi anapofunua meno na kujaa kioo kizima. Kutoka sakafuni, kwenye televisheni ya inchi 55, fisi huyo ana kichwa kikubwa kuliko mtoto mwenyewe. Usiione aibu kusogeza mkeka nyuma hadi mlangoni. Kwa ajili ya kaka yake wa miaka tisa, fumba macho usikilize kinachoelezwa. The Elephant Queen, filamu ya Mark Deeble na Victoria Stone iliyopigwa Tsavo, ni mfano mzuri wa watoto wawili kutazama filamu mbili kwenye kioo kimoja. Mdogo atashangilia tuta-mavi anayesukuma mpira wake wa mavi ya tembo na ataigiza hilo kwa chungwa siku tatu mfululizo. Kaka yake atausikia ukame. Ataona kisima kikikauka, tembo jike Athena akiliongoza kundi lake safari ndefu kutafuta maji, na ndama asiyefika mwisho wa safari. Huyo ndiye atakayekuja kukuuliza usiku kama bomba la mtaani nalo linaweza kukauka moja kwa moja. Mpe jibu la kweli. Anastahili.

Sasa chukua rimoti uzime sauti. Katika Planet Earth II ya 2016, kwenye kisiwa cha Fernandina huko Galápagos, iguana mchanga anatoka mchangani na kukimbizwa na nyoka wengi kwa pamoja. Itazame sehemu hiyo bila sauti: utaona mbio, na mkimbiaji hodari. Irudishe sauti: utasikia maangamizi. Hofu ya mtoto mdogo inaingilia masikioni pia, na hata akijifunika kanga usoni masikio yako wazi. Kama wewe mtu mzima mapigo ya moyo yamekwenda mbio, punguza sauti kabla yeye hajaketi.

Msaili msimulizi pia. Filamu ya Luc Jacquet ya 2005 kuhusu pengwini wa Antaktika ilipotoka Ufaransa iliwapa wanyama sauti za waigizaji: baba, mama na kifaranga wanajieleza wenyewe. Ilipokwenda Marekani kwa jina la March of the Penguins, sauti hizo ziliondolewa, akawekwa Morgan Freeman asimulie kutoka pembeni. Mayai ni yaleyale yanayoganda kwa baridi, na mama ni yuleyule aliyefiwa anayejaribu kumnyang'anya mwenzake kifaranga. Lakini mtoto anayemsikia kifaranga akisema "mimi" yuko barafuni pamoja naye. Anayesikia sauti ya mzee ikieleza bado yuko nyumbani, mkekani. Kwa walio chini ya miaka sita mimi namchagua mzee.

Na mzee huyo mara nyingi anazungumza Kiingereza. Mtoto wa miaka minne wa Morogoro au wa Malindi anachopata ni muziki tu: ngoma zikianza kudunda anajua kuna atakayekufa, hajui ni nani wala kwa sababu gani. Msimulizi wake ni wewe, na hapa tunaye mwalimu wa kuigwa. Bibi anayesimulia habari za sungura na fisi haifuti hatari. Fisi wake anakula watu vizuri tu. Ila macho yake hayabanduki usoni kwa mtoto. Akiona midomo inaanza kutetemeka, fisi anateleza na kuanguka shimoni kabla ya wakati wake; akiona watoto wanacheka, fisi anaongezewa meno. Filamu haimwoni mtoto. Inaendelea kwa mwendo uleule, analia au anacheka. Aliyeshika rimoti ndiye anayepaswa kumwona, kwa hiyo siku ya kutazama geuza kiti chako kimwelekee mtoto, simba umeshamwona jana.

Mtoto anayeuliza maswali hana shida, hata yakiwa mia, hata akiuliza swala alikuwa anaitwa nani. Mtazame aliyenyamaza ghafla, aliyeacha bisi, anayekwenda chooni mara ya tatu, anayegeuka kukutazama wewe badala ya kioo. Simamisha. Usimwambie "ni filamu tu", maana kwenye filamu ya wanyamapori wa kweli huo ni uongo: swala yule alikufa kweli, na siku mtoto atakapojua utakuwa umepoteza kitu kikubwa kuliko jioni moja. Mdogo mpakate kwanza, maneno yafuate. Mtoto wa umri huo hutulizwa na mwili kuliko hoja. Mkubwa mpe kazi ya upelelezi. Mwambie achunguze kama simba anakimbia kwenye majani mabichi huku swala akikimbia kwenye nyasi kavu. Akiona hivyo, amegundua kwamba picha za siku mbili tofauti zimeunganishwa, jambo linalofanyika sana kwenye filamu hizi. Atasahau kuogopa. Na atakuwa tayari kwa habari ya White Wilderness ya Disney, ya mwaka 1958, iliyopata tuzo ya Oscar huku ikionyesha lemingi, panya wadogo wa nchi za baridi, wakijitosa majini makundi kwa makundi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 televisheni ya CBC ya Kanada ilifichua kwamba tukio hilo lilipangwa, na wanyama wale walisukumwa. Filamu iliyomtendea mnyama hivyo nisingemwonyesha mtoto wa umri wowote kabla ya kumweleza hayo.

Pima pia na mahali unapoishi. Mtoto wa Kinondoni simba kwake ni picha. Mtoto wa Loliondo au wa vijiji vya pembeni ya Voi anao wanyama hao jirani, na huenda wiki iliyopita tembo walimaliza mahindi ya babu yake. Filamu inayomwambia kwamba tembo ni rafiki mpole wa kukumbatiwa inamdanganya katika jambo linaloweza kumuua. Ikiwa humo hakuna hata mara moja mtu anayemkalia mbali mnyama kwa heshima, iache.

Usimpeleke mdogo kibanda umiza, kile cha kuonyesha video mtaani. Wanaume 30 wanaoshangilia simba akimrukia nyati wanamfundisha lini kifo ni cha kushangiliwa, na hutakuwa na rimoti. Na ukimpa simu atazame tembo mchanga anayeoga, kaa hapohapo. Kipande hicho kikiisha kinajifungua kingine chenyewe, na baada ya viwili vitatu anatazama mamba na nyumbu Mto Mara. Walio chini ya miaka miwili waache kabisa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilipendekeza mtoto wa mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo hata kidogo, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku.

Ukitaka pa kuanzia, anza na The Queen of Trees ya 2005, ya Deeble na Stone haohao, kuhusu mkuyu mmoja wa Kenya na nyigu wadogo wanaouchavusha. Nyigu wanakufa humo kwa wingi, wamenaswa ndani ya tunda, na nadhani hakuna mtoto atakayelia, kwa sababu hakuna anayeachwa akiita mama. Ikiisha, tafuteni mkuyu ulio karibu, okoteni makuyu yaliyoanguka, uyapasue kwa kisu mbele yake, ahesabu wadudu waliomo.