Makaratasi Pembeni

Msyuuu! Hebu niachieni hayo ya "wanajionyesha". Mwaka 2019 Aurora Orchestra ya London, chini ya kondakta Nicholas Collon, waliingia Royal Albert Hall wakapiga Symphonie fantastique ya Berlioz yote, kama dakika 50 hivi, bila karatasi hata moja mbele yao. Kundi zima, wengi wao wamesimama. Halafu mtu na kahawa yake hapa anasema ni sarakasi!

Mzee wangu kaniuliza, mbona bendi za Msondo na Sikinde miaka yote hawana makaratasi? Swali zuri, mzee, na heshima yao iko palepale. Ila kwenye dansi, mpiga gitaa akipotea kidogo atadaka mzunguko unaofuata. Kwa Berlioz hakuna wa kukusubiri. Tena kazi kubwa siyo kupiga, ni kunyamaza. Mchukueni mpiga tromboni. Sehemu ziko tano, na tatu za mwanzo hana noti hata moja. Ikifika ya nne, mtu wa kwenye hadithi ya muziki huu anapelekwa kukatwa kichwa, ndipo anatakiwa aingie kwa nguvu zote, na hana pa kuchungulia. Maana yake kakariri mpaka za wenzake. Aisee!

Na hadithi yenyewe sasa. Mwaka 1827, mjini Paris, kijana Berlioz alimwona Harriet Smithson, mwigizaji kutoka Ireland, akicheza Ophelia kwenye Hamlet. Akili zikamruka. Mwaka 1830 akatoa muziki huu, na ndani yake sauti ya yule anayempenda inamfuata kila aendako: dansini, shambani, mpaka kwenye mashine ya kukatia vichwa. Pale klarineti inaianza sauti ile, laini kabisa, haijamaliza, orkestra nzima inashuka kwa pigo moja. Kichwa hicho chini.

Lakini mimi hunishika sehemu ya tatu, ya shambani. Obo kubwa inaita jukwaani kama mchungaji, obo nyingine inaitika kutoka mbali, nje ya jukwaa. Mwishoni ile ya kwanza inaita tena. Kimya. Wapiga ngoma wanne wanatoa radi ya mbali, basi, hakuna mwingine anayejibu. Jamani, mwenye kuwahi kupenda mtu asiyemtaka hahitaji kuelezwa hapo.

Hadithi ya namna hiyo utaionaje kama macho yote yamezama kwenye karatasi? Wenzetu wameyaondoa makaratasi, na miili ikafunguka. Wanatazamana, wanageukiana. Mwigizaji Mathew Baynton akasimama kama Berlioz mwenyewe, taa zikabadilika, na ulipofika mkesha wa wachawi, sehemu ya tano, wapigaji wakavaa vinyago. Sauti ya mpenzi inarudi pale kwa klarineti ndogo, imepindwa, inamcheka. Mtu unamwogopa yule uliyekuwa unamhurumia.

Na hawakuanza juzi. Mwaka 2014, kwenye tamasha la Proms palepale London, walipiga Mozart, symphony namba 40, kwa kichwa vilevile. Mwaka 2023 wakachukua The Rite of Spring ya Stravinsky, ile iliyozua vurugu ukumbini Paris mwaka 1913, ambayo mahesabu yake hubadilika hata kabla hujavuta pumzi. Kwa kichwa! Anayeita hiyo sarakasi anipe hoja, siyo kebehi. Nimekaa hapa mpaka kahawa iishe.