Bonane ya Deni

Nche! Mmemwona huyo jamaa? Anapanda kutoka Uvira, viatu vya watoto vinaning'inia shingoni, jozi tatu, kamba zimefungwa pamoja, na uso kama wa mtu aliyetoka kuzika. Nikamsalimu, "Vipi, vieux, fete inakuja?" Akajibu, "Inakuja, petit, itatukuta tu." Itatukuta! Sikukuu anaizungumzia kama shambulio.

Wala simcheki. Viatu hivyo ni vya mkopo, na Januari minervali, ile karo ya shule ya wale wa sekondari, inabisha hodi. Usiku hajalala huyo, anahesabu. Ila majirani wasipoona viatu vipya siku ya Noeli watasema amefilisika. Kweli amefilisika! Sote tumefilisika hapa Rurambo, tatizo ni kwamba kila mmoja anajifanya yeye bado.

Hebu tuulizane. Tarehe 10 Desemba 2025, waasi wa M23 waliingia Uvira, siku sita tu baada ya marais kutia saini amani huko Washington. Zilibaki wiki mbili kufika Noeli. Watu wakavuka Burundi na magodoro kichwani, na wengi sikukuu ikawakuta kambini Busuma, matopeni. Huku milimani ndiyo usiseme: tulianza kukimbia zamani, ng'ombe wameporwa, vijiji vimechomwa, na hakuna kabila lisilo na mtu wake wa kumlilia. Wengine walizikwa mbiombio, wengine hata hatujui walipolala. Sasa mtu ambaye hajakaa matanga, unamwambia tarehe 25 avae kitenge kipya acheze?

Na kuna wale wa kanisani wanaokukemea eti Mkristo halii. Nasonya. Kwa Lazaro, Yesu alifanya nini?

Bonane iliyopita, siku ya mwaka mpya, mtoto mmoja alipasua puto hapa hapa, pu! Wazee watatu walikuwa chini kabla puto halijamaliza kulia, mmoja kakumbatia redio yake. Tukacheka hadi machozi. Yule wa redio hakucheka. Alijipangusa vumbi, akaenda nyumbani, na siku mbili hatukumwona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba penye vita, au palipopita vita karibuni, mtu mmoja kati ya watano ana tatizo la akili, dogo au kubwa. Basi tujihesabu hapa kijiweni. Ila sisi ukimtajia mtu daktari wa akili, anadhani unataka apelekwe hospitali ya Sosame, Bukavu, afungiwe na wendawazimu. Kukosa usingizi miezi mitatu tunakuita uchovu, na dawa tunayoijua ni pombe ya kasiksi. Unalala kama gogo, saa tisa usiku macho kodo, moyo unapiga ngoma, asubuhi hasira yote inamwangukia mama watoto.

Mwenye akili ni yule mama muuza ndagala. Tangu Novemba ameshatangaza kwa wanawe na kwa shemeji zake: mwaka huu hakuna nguo, asiulizwe. Wanawake wa likelemba yake, wale anaochangishana nao pesa, watapika sufuria moja, kila mmoja alete alichonacho. Aliyefiwa akitaka kulia, alie. Akitaka kuchambua sombe kimya, achambue. Hakuna wa kumwambia "changamka." Wanaume hapa wakasema huo ni ubahili. Ubahili! Ninyi wenye mkono wazi mbona mwaka jana mlijificha, wadai wakawatafuta hadi kanisani?

Halafu tuache kumsema yule kijana wetu wa Kanada kwamba amejidai, hapokei simu. Nimeongea na mama yake. Usiku wa Noeli kijana anafanya kazi ghalani, theluji hadi magotini, anarudi kwenye chumba ambacho hakuna wa kumwambia pole. Akiwasha simu: mjomba anataka simenti, binamu anataka pikipiki, mchungaji anataka mabati. Jumbe kumi na mbili, hakuna hata mmoja unaouliza kama amekula. Ningekuwa mimi, ningeitupa simu hiyo mtoni.

Mpigieni siku moja, msimwombe kitu, muone kama hatapokea. Nani ana unite za kupiga simu hapa? Nyote mmekuwa bubu. Wewe uliyeomba mabati, si ulinunua unite jana?